Upweke wa Mchoraji na Majina ya Wahakiki

Dhana ya kwamba sanaa ni mawasiliano imeota mizizi katika uhakiki hata ni nadra kumkuta mhakiki aulizaye: msanii awasiliana na nani? Swali hili lamhusu hasa Francisco Goya wa Hispania, ambaye mwaka 1819, akiwa na umri wa miaka 72, alinunua nyumba kando ya Madrid. Kufikia 1823 alikuwa amechora picha 14 kwa rangi ya mafuta juu ya kuta zake. Hapana aliyeziagiza, wala hazikuwa za kuuzwa. Mchoraji mwenyewe alikuwa kiziwi tangu ugonjwa wa 1792-93. (Nyumba ikiitwa ya Kiziwi, lakini kiziwi huyo alikuwa mwenyeji wa awali; hata hapo jina lapotosha.)

Goya hakuzipa picha hizo majina. Yote yalibandikwa na wengine. Ile ya jitu litafunalo mwili wa mtu huitwa Saturno, mungu wa Warumi aliyewala wanawe. Jina hili lina msingi: Rubens alikwisha kuichora hadithi hiyo karne mbili kabla, na upweke wa mchoraji haumnyang'anyi urithi wa sanaa yake. Hata hivyo, mundu wa Saturno haumo, na mwili uliwao ni wa mtu mzima, si wa mtoto mchanga. Mhakiki akishalitaja jina, haya hayaoni tena. Anahakiki hadithi aijuayo badala ya picha iliyo mbele yake.

Kosa hili ni bayana zaidi katika picha ya mbwa. Kionekanacho ni kichwa tu, nyuma ya mteremko mweusi, na juu yake uwazi mkubwa wa rangi ya manjano iliyofifia. Wengine husema anazama mchangani. Nani kasema ni mchanga? Yamkini amejificha tu. Mtu achoraye kwa ajili ya macho yake mwenyewe hana haja ya kufafanua, na ufafanuzi ulioachwa hapo ni sehemu ya fani, si pengo la kuzibwa na mhakiki.

Tangu 1874 picha zilibanduliwa ukutani, zikahamishiwa kwenye turubai na kutiwa viraka vya rangi. Leo zimo katika makumbusho ya Prado. Mtazamaji husoma kwanza kibandiko, ndipo ainue macho.