Swala-Panda wa Marekani na Waliomchora

Msomaji, utakapotaka kuhukumu picha ya mnyama, usianze kwa kuuliza kama inapendeza. Anza kwa kuuliza hivi: Je, mchoraji alimwona mnyama huyu akiwa wapi, na alimtazama kwa haja gani? Swali hilo ni fupi, lakini hufungua mlango ambao sifa tupu haziwezi kuufungua. Katika insha hii tutalijaribu juu ya mnyama mmoja wa Marekani, na juu ya kazi tatu za sanaa zilizomhusu.

Mnyama mwenyewe huishi katika nyanda wazi za magharibi ya Marekani ya Kaskazini, toka Kanada hata Meksiko. Jina lake la Kiingereza, pronghorn, maana yake ni pembe yenye panda. Kwa hiyo hapa nitamwita swala-panda. Ukimwona kwa mbali utadhani ni ndugu wa swala wetu, kwa kuwa ana mwili mwepesi, miguu myembamba, na rangi ya hudhurungi iliyochanganyika na nyeupe. Umbo, hata hivyo, hudanganya. Huyu si swala wa kweli. Ukoo wake ulikuwa mkubwa zamani, na leo amebaki yeye peke yake. Jamaa zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi. Pembe za swala wetu hazianguki. Za swala-panda zina kiini cha mfupa kilichovikwa ala ngumu, na ala hiyo huambuka na kuota upya kila mwaka.

Sifa yake kuu ni mbio. Hukisiwa kuwa aweza kufikia kilomita 88 kwa saa, au karibu na hapo. Na ilhali duma huchoka upesi, yeye hudumu katika mwendo mkali kwa kilomita kadhaa. Hapana mla nyama wa Marekani ya leo awezaye kushindana naye akiwa mzima. Kwa nini basi akapewa mbio nyingi kuliko haja yake? Mtaalamu John Byers, katika kitabu alichokitoa mwaka 1997, alitoa rai kwamba mbio hizo ni urithi wa zama za kale, wakati nyanda zile zilipokuwa na wanyama wakali wenye kasi, miongoni mwao paka mkubwa aliyefanana na duma. Wanyama wale walitoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Adui amekufa, mbio zimebaki.

Sasa fikiri shida ya mchoraji. Mbio ni mwendo, na picha imesimama. Ambaye ataka kumchora mnyama huyu hana budi kutafuta jambo jingine litakaloutangaza moyo wake.

Kazi ya kwanza ni ya wafinyanzi wa kale wa bonde la mto Mimbres, kusini-magharibi ya New Mexico. Kati ya mwaka 1000 na 1130 hivi walifinyanga mabakuli meupe yaliyopambwa kwa rangi nyeusi, na ndani ya baadhi yake walichora samaki, ndege, sungura na swala-panda. Mstari wao ni mwembamba na thabiti. Mara nyingi mwili wa mnyama umejazwa mapambo ya mistari ambayo hayaonekani katika ngozi ya mnyama yeyote. Lakini ukizitazama pembe zile na miguu ile, hutamkosea. Nyuma yake hapana nyasi wala jua wala mwindaji. Mengi ya mabakuli ya watu hawa yalizikwa pamoja na wafu, yakiwa yametobolewa tundu katikati na kufunikwa juu ya uso. Kwa hiyo mnyama aliyechorwa humo hakuwa kitoweo tu; alistahili kuwekwa mbele ya macho ya marehemu milele.

Kazi ya pili imo katika korongo liitwalo Canyon del Muerto, Arizona. Huko, chini ya jabali refu, yapo magofu yaitwayo Antelope House, yaani Nyumba ya Swala. Yalipata jina hilo kwa sababu ya michoro ya swala-panda iliyo kwenye mwamba ulio karibu. Magofu ni ya watu wa kale zaidi, lakini michoro hiyo husemwa kuwa ni ya Mnavajo aitwaye Dibe Yazhi, maana yake Kondoo Mdogo, aliyeishi huko mwanzoni mwa karne ya 19. Hapa rangi imerudi: hudhurungi na nyeupe kama mnyama alivyo. Aliyeichora alikuwa ameziona ngozi hizo juani, wala hakuhitaji kuzivika mapambo.

Kazi ya tatu ni ya George Catlin, Mmarekani aliyesafiri nyanda za magharibi katika miaka ya 1830. Mwaka 1844 alichapisha London kitabu cha picha kubwa za mawindo, na mojawapo yahusu uwindaji wa swala-panda. Mwindaji amejilaza nyasini. Kitambaa kimefungwa juu ya kijiti nacho chapepea. Swala-panda wamekiona, wamestaajabu, na badala ya kukimbia wanasogea kutazama. Hila hii ilikuwa ya kweli, na wawindaji wengi waliitumia.

Ipi katika hizi iliyo bora? Mtu mwenye haraka ataichagua ya Catlin, kwa kuwa ina uwanda, ina kisa, na yatufundisha tabia ya mnyama. Nami nakiri kwamba kazi zile mbili hazikutuambia neno juu ya udadisi wake. Lakini tazama tena. Katika picha ile sisi watazamaji tumewekwa upande wa mwindaji. Twaijua siri ya kitambaa, na mnyama haijui. Basi twamcheka. Picha imesema kweli, kisha imeigeuza kweli hiyo kuwa ujinga wa mwenziwe.

Je, ni ujinga? Mnyama huyu hukaa mahali pasipo mti wa kujificha. Ngao zake ni mbili: macho makubwa yaonayo mbali sana, na miguu. Aonapo hatari husimamisha manyoya meupe ya nyuma, yakang'aa kama ishara kwa wenzake. Kwa kiumbe wa namna hiyo, kukitambua kitu kigeni kabla ya kukikimbia ni busara. Wahenga walisema macho hayana pazia. Na macho hayo yalimlinda kwa maelfu ya miaka, mpaka ilipokuja bunduki ambayo risasi yake hutangulia mbio zote. Catlin aliuchora udadisi, asiichore sababu yake. Hilo ndilo pungufu la kazi yake, nalo si pungufu la mkono, bali la haja iliyomwongoza.

Wala usidhani kwamba jambo hili ni la wachoraji peke yao. Wanyama hawa walikuwa mamilioni mengi. Kufika mwanzo wa karne ya 20 walikuwa wamebaki makumi ya maelfu tu, kwa sababu ya kuwindwa ovyo na kunyang'anywa ardhi. Baadaye sheria na hifadhi ziliwaokoa, na leo huhesabiwa kwa mamia ya maelfu. Hata hivyo wana adui mpya, nao ni ua wa waya. Mnyama huyu ashindaye upepo ni nadra kuruka ua. Hupenda kupenya chini yake, na waya ukiwa chini mno hukwama. Huko Wyoming watu walijifunza kumtazama upya: mwaka 2012 yalifunguliwa madaraja mahali paitwapo Trappers Point, ili makundi yanayohama yapite juu ya barabara kuu bila kugongwa na magari. Waliojenga madaraja yale walikuwa wameuliza swali ambalo picha ya mawindo haikuliuliza: Mnyama huyu ahitaji nini?

Hukumu yangu ni kwamba bakuli la Mimbres ndilo bora. Halina uwanda, halina rangi, na mapambo yake si ya ngozi ya kweli. Lakini halimdhihaki mnyama wala halimfanyi chombo cha kisa cha mtu mwingine. Amesimama peke yake, nasi twalazimika kumtazama yeye. Wewe huna lazima kukubaliana nami. Yawezekana utaupenda mwamba wa Kondoo Mdogo, au utamtetea Catlin kwa hoja nzuri. Lililo lazima ni kutoa sababu, na sababu hiyo itoke katika picha na katika maisha ya mnyama, isitoke katika umaarufu wa mchoraji. Na utakapochukua kalamu kumchora twiga, jamaa wa mnyama huyu, jiulize kwanza: Nimemtazama kwa haja gani?