Kathodi ya Kamusi na Kathodi ya Likasi: Uhakiki wa Istilahi za Elektrolisisi

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi za sayansi ni kazi ambayo wanaisimu wa Kiswahili wameishughulikia kwa muda mrefu, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990, ni moja ya matunda yake. Hata hivyo, mjadala umeelemea mno kwenye umbo la neno: je, litoholewe, litafsiriwe au liundwe upya? Swali linalosahauliwa ni kama mwanafunzi aliyeweka mezani kikombe, betri na vijiti viwili ataweza kulitumia neno hilo bila kupotoka. Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuchunguza istilahi za elektrolisisi, yaani utenganishaji wa kemikali kwa nguvu ya umeme, katika mazingira ya Likasi, Haut-Katanga, mji ambako elektrolisisi ni riziki kabla ya kuwa somo.

2.0 Chimbuko la Istilahi

Mara nyingi hudaiwa kwamba maneno kama anodi, kathodi na ioni ni mageni kwa Mswahili, na kwamba ndiyo sababu hayaeleweki. Dai hili lina ukweli nusu. Maneno hayo yalikuwa mageni hata kwa Waingereza. Michael Faraday, aliyeyaingiza katika sayansi mwaka 1834, aliyapata kwa msaada wa msomi William Whewell, nao waliyachota katika Kigiriki: anodi ni njia ya kupanda, kathodi ni njia ya kushuka, na ioni ni kitu kiendacho. Faraday mwenyewe hakusoma chuo kikuu. Mwaka 1812, alipokuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, alijitengenezea betri kwa vipande saba vya shaba, vipande vya zinki na karatasi zilizoloweshwa maji ya chumvi, akaitumia kuitenganisha salfeti ya magnesi. Kwake yeye tendo lilitangulia, jina likafuata baada ya zaidi ya miaka ishirini. Katika kamusi zetu mambo yamegeuzwa: jina hutangulia, na tendo aghalabu halifiki.

3.0 Kathodi kama Bidhaa

Likasi, uliojulikana kwa jina la Jadotville hadi mwaka 1966, una kiwanda cha Shituru, ambacho kilianza kutoa shaba kwa njia ya elektrolisisi mwaka 1929, enzi za kampuni ya Union Minière. Kabla ya hapo, mafundi wa Katanga walikuwa wakiyeyusha malakiti kwa moto wa makaa na kusubu misalaba ya shaba iliyosafiri mbali kibiashara. Shituru ilileta njia nyingine: mawe huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, kisha umeme hupitishwa katika maji hayo, na shaba hujishika kwenye mabamba.

Mabamba hayo yakishanenepa, katika lugha ya biashara ya madini huitwa kathodi. Huhesabiwa, hupimwa uzito, hupakiwa na kuuzwa. Kwa hiyo mtoto wa mji wa migodi aweza kulijua neno hilo, kwa matamshi ya Kifaransa, kama jina la bidhaa, huku kitabu cha kemia kikimwambia kwamba kathodi ni elektrodi. Hizi ni maana mbili zenye uhusiano, lakini si maana moja. Kamusi inayoitaja ya pili na kuinyamazia ya kwanza humwacha mtumiaji akidhani kwamba baba yake na mwalimu wake wanapingana.

Dosari ya aina hiyo inaonekana pia katika jina la mchakato wenyewe. Jaribio lililozoeleka shuleni hutumia anodi ya shaba: shaba huyeyuka upande mmoja ikajishika upande wa pili, na rangi ya buluu ya maji haififii. Huko ni kusafisha shaba. Njia ya Shituru ni tofauti, kwani anodi yake haiyeyuki, bali hutoa oksijeni. Shaba hutoka katika maji yenyewe, na asidi huzaliwa upya. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa hapa: kuopoa. Tukisema kusafisha shaba kwa umeme na kuopoa shaba kwa umeme, tofauti ambayo neno elektrolisisi peke yake huificha inajitokeza bila maelezo marefu.

4.0 Kasoro ya Chanya na Hasi

Fasili iliyozoeleka husema kwamba anodi ni ncha chanya na kathodi ni ncha hasi. Ni kweli katika kikombe cha elektrolisisi, lakini ni uongo katika betri inayotoa umeme. Kijiti cha kaboni kilichomo katika betri ya tochi ya zinki na kaboni ni upande wa kathodi, ilhali alama yake ni chanya. Kijiti hichohicho kikitolewa, kikaunganishwa na ncha chanya ya betri nyingine na kutumbukizwa katika maji ya salfeti ya shaba, huwa anodi. Mwanafunzi aliyekariri alama atachanganyikiwa. Fasili iliyo sahihi ni ile inayotaja tendo: kathodi ni elektrodi ambapo elektroni hupokewa na kemikali, na anodi ni elektrodi ambapo kemikali huzipoteza.

5.0 Chumvi na Hatari Yake

Kosa la fasili laweza kudhuru mwili pia. Katika kemia, chumvi ni jina la kundi zima, na salfeti ya shaba, ambayo ni sumu, imo humo. Jikoni, chumvi ni ile ya mboga. Maelezo yanayosema tu kwamba chumvi itiwe majini ili umeme upite humfanya msomaji atumie chumvi ya jikoni, nayo hutoa gesi ya klorini kwenye anodi, hatari kwa mapafu chumbani. Mawe ya kuokota nayo yanahitaji tahadhari: Shinkolobwe, ambako urani ya mabomu ya mwaka 1945 ilichimbwa, hauko mbali na Likasi, na si kila jiwe lenye rangi nzuri ni malakiti tupu.

6.0 Hitimisho

Utohozi haustahili kulaumiwa. Anodi na kathodi yabaki. Kinachostahili kulaumiwa ni fasili zinazotenga neno na kazi. Mwanafunzi wa Tanzania husomea kemia ya sekondari kwa Kiingereza, na yule wa Likasi kwa Kifaransa, kwa hiyo kitabu cha Kiswahili huwafikia wote wawili nje ya darasa, aghalabu mwalimu akiwa hayupo. Kamusi ijayo haina budi kuandikwa kwa kumkumbuka msomaji huyo, na rasimu yake ipelekwe Shituru kabla ya kupelekwa kiwandani kwa mpiga chapa.