"Water" ya Tyla: Wimbo Usio na Haraka

Jamani, besi ile! Nimetoka kuusikiliza "Water" kwa hedifoni nzuri, mwanzo hadi mwisho, bila honi za barabarani wala mtu wa kuongea juu yake, na mwili bado haujatulia. Ukiusikia kwenye simu unapata kiitikio tu. Hedifoni ndizo zinazokupa kazi yote iliyofanyika chini ya kiitikio hicho, na kazi yenyewe ni ya mafundi.

Mpango wake ni wa ujasiri mno. Tyla anakuonjesha kiitikio mwanzoni kabisa, kwa sauti laini, kisha anakiondoa na kukuacha unakingoja. Ubeti unaingia chini chini, karibu na kuongea. Halafu anaanza kumhoji mpenzi wake: maneno matamu umeyasema, vitendo viko wapi? Hapo kiitikio kinarudi, safari hii kikiwa na waitikiaji pembeni na besi ya amapiano inayogonga na kuteleza chini yao, na binti wa watu wala hapandishi sauti! Waimbaji wengi wangepiga kelele hapo. Wangetafuta noti ya juu kabisa ili tujue wana mapafu. Tyla anabaki palepale, ametulia, anatoa amri kama mtu anayejua itatekelezwa. Kwangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote ndani ya dakika tatu na ushee za wimbo huu. Mwanamke anayejiamini hivi hana haja ya kukusihi umsikilize.

Sasa njoo kwa waliopika. Mtayarishaji mkuu ni Sammy Soso, na mmoja wa watayarishaji wenzake ni Tricky Stewart, Mmarekani mwenye mkono wake katika "Umbrella" ya Rihanna na "Single Ladies" ya Beyoncé. Mtihani waliokuwa nao ni mgumu. Amapiano ilizaliwa katika vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, katikati ya miaka ya 2010, na ni muziki wa watu wenye usiku mzima mbele yao: wimbo mmoja unaweza kwenda dakika saba, nane, kinanda kikizunguka taratibu, besi ikiingia pale DJ anapoona umeiva. Utaubanaje muziki wa namna hiyo uingie kwenye singo ya redio bila kuunyonga? Wao wamebakiza besi na ule mwendo wa kuyumba, wakaweka juu yake beti fupi na sauti zilizopangwa tabaka kwa tabaka za R&B. Ule utamu wa kungoja, ambao ndio uhai wa amapiano, wamemkabidhi mwimbaji aubebe kwa koo lake.

Wapo mashabiki wa asili wanaonung'unika kwamba hii si amapiano halisi. Ni kweli, na Tyla mwenyewe hakudai hivyo. Muziki wake anauita popiano. Mimi nasema utamu huu haudai cheti cha ukoo. Tena masikio ya Afrika Mashariki yalikwisha andaliwa: mwaka 2021 Diamond Platnumz alitoa "Iyo" akiwa na Focalistic wa Pretoria, na Marioo akatuchezesha kwa "Bia Tamu". "Water" ilipotua Dar es Salaam, viuno vilikuwa vinaijua besi hiyo kabla ya kulijua jina la mwimbaji.

Na viuno ndivyo vilivyoubeba! Uchezaji wake umetoka kwenye bacardi, mtindo wa vitongoji vya Pretoria, na mpangaji wake ni Lee-ché Janecke, anayejulikana zaidi kama Litchi. Miguu haina papara, kazi yote iko kiunoni, kisha Tyla anajimwagia maji mgongoni kutoka kwenye chupa na kuendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea. Mitandaoni dunia nzima ikajaribu. Wengi waliloa tu, maana bacardi ni ngumu kuliko inavyoonekana, na kadiri unavyoona wengine wakihangaika ndivyo unavyozidi kumheshimu yule anayeicheza huku akitabasamu.

Hata kwenye chati wimbo ulipanda kwa mwendo wake wenyewe. Ulitoka Julai 2023. Ni Oktoba ndipo ulipoingia Hot 100 ya Billboard huko Marekani, katika nafasi ya 67, na ilipofika Januari 2024 ulikuwa nafasi ya 7. Siku hizi nyimbo hulipuka wiki ya kwanza na kusahaulika ya tatu, hivyo kupanda huku hatua kwa hatua kunanifurahisha kuliko namba zenyewe. Mwimbaji naye alikuwa amekwisha zoea subira: alizaliwa Johannesburg mwaka 2002, akatoa "Getting Late" mwaka 2019, na ikapita miaka minne kabla dunia haijageuka kumtazama.

Hapa ndipo nywele zinaponisimama. Mwaka 1968 Hugh Masekela, naye wa Afrika Kusini, aliingia kwenye chati hiyo na tarumbeta yake katika "Grazing in the Grass", muziki mtupu usio na neno hata moja la kuimbwa, na ukafika namba moja. Mwaka mmoja kabla yake Miriam Makeba, yule yule tunayemkumbuka kwa "Malaika", alikuwa ameingia na "Pata Pata". Wote wawili walikuwa uhamishoni, mbali na nyumbani walikokatazwa kurudi. Miaka 55 baadaye anakuja binti wa Johannesburg anayetoka na kurudi kwao apendavyo, na wimbo wake mkubwa kuliko zote unahusu raha yake mwenyewe. Nikiwaza hivyo, ule utulivu wa sauti yake unanigusa zaidi.

Februari 2024 Grammy ilitoa kwa mara ya kwanza tuzo ya wimbo bora wa Kiafrika. Kwenye orodha walikuwepo Burna Boy, Davido na Musa Keys, Ayra Starr, na Asake na Olamide: Nigeria karibu yote! Akachukua Tyla, siku chache baada ya kutimiza miaka 22. Nilipiga vigelegele, na leo ningepiga tena.

Kuna toleo jingine lenye Travis Scott, lililotoka Novemba 2023. Ni zuri, lakini rapu inapoingia ule mvuto wa kungojeshwa unapungua, na mimi nausikia upungufu huo. Anza na toleo lake la peke yake. Fungua besi hadi mwisho, na usiguse kitu mpaka kiitikio cha pili kipite.