Kitabu cha Mapishi Kisichomtaja Mpishi

Nilikipata kwenye inama, Tom Mboya Street, kati ya vitabu vya marudio ya KCSE na riwaya za mapenzi zisizo na jalada. Muuzaji hakukifungua hata. "Sister, hiyo chukua na mia nne," akasema. Nikalipa haraka kabla hajabadilisha nia. Mimi hukusanya vitabu vya mapishi vya zamani, na hiki nilikuwa nimekisaka miaka mitatu: *The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide*.

Kilitoka mara ya kwanza 1928. Waliokikusanya ni kina mama wa Woman's Guild ya kanisa la St Andrew's, Nairobi. Ndiyo, St Andrew's hiyo hiyo ya PCEA iliyo karibu na Chuo Kikuu, ila wakati huo lilikuwa kanisa la Waskoti. Kikachapwa tena na tena kwa miongo mingi, na baadaye neno "Settlers" likaondolewa kwenye jina.

Kama kitabu cha mapishi, tuseme ukweli, kinafaa. Hakikuzungushi. Hakuna hadithi ndefu ya likizo ya mtu kabla hujafika kwa unga. Keki, jemu, puding, unaonyeshwa kazi na unaianza.

Shida yangu iko kwa Kiswahili chake. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa mama mwenye nyumba. Kiswahili kinaingia pale anapohitaji kumwagiza mpishi, kwa hivyo ni Kiswahili cha amri. Hakuna "umeonja?" Hakuna "wewe waonaje?" Lugha nzima, na utani wake na methali zake, imebaki vitenzi vya kumtuma mtu. Ndicho kile Kiswahili kilichoitwa Kisetla, na kilikuwa na vitabu vyake vya kufundishia. Mwaka 1936, F. H. Le Breton alitoa *Up-Country Swahili*, mazoezi ya lugha kwa askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Mpishi hayumo kwenye orodha hiyo. Kwani angehitaji somo la nini? Yeye ndiye wa kuongeleshwa.

Basi hiki ni kitabu cha mapishi kilichoandikiwa mtu ambaye mara nyingi hakupika. Anayesoma si yule anayekanda unga. Kila agizo linapitia kwa mama mwenye nyumba kwanza, kisha linaishia kwa mtu asiye na jina.

Sasa linganisha na Kamante. Mwaka huo huo wa 1928, Mwanamfalme wa Wales alikula chakula cha jioni nyumbani kwa Karen Blixen, karibu na milima ya Ngong, na mpishi alikuwa Kamante Gatura. Katika *Out of Africa* (1937), Blixen anaeleza kwamba Kamante hakujua kusoma, hivyo vitabu vya mapishi havikumsaidia. Aliweka kila kitu kichwani, na vyakula alivipa majina kutokana na jambo lililotokea siku aliyofundishwa. Kulikuwa na sosi ya radi iliyopiga mti, na sosi ya farasi wa kijivu aliyekufa.

Blixen anamsifu sana, lakini bado ni yeye anayemsemea. Masimulizi ya Kamante mwenyewe yalitoka kitabuni 1975, katika *Longing for Darkness*. Hata hivyo, sosi hizo mbili zinanieleza kitu ambacho kitabu changu chote hakinielezi. Kumbe mpishi alikuwa na kumbukumbu zake, na alizihifadhi ndani ya sufuria ya mtu mwingine.

Mama alipokiona mezani kwangu hakufurahi.

"Na hicho kitabu cha wale watu unakifanyia nini?"

Guka, baba yake, alipikia wazungu upande wa Nakuru. "Aliitwa boi mpaka akapata wajukuu," mama akasema. Sikuwa na jibu la maana. Nikamwambia ati ni historia, na hata mimi nikasikia vile ilikuwa nyepesi.

Akakifungua, polepole. Alipofika kwa kastadi akanyamaza. Guka alitupikia kastadi kila Krismasi, kwa jiko la makaa, bila kupima kitu. Kwetu ilikuwa kastadi ya guka, basi. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu alisimama nyuma yake akimwagiza jinsi ya kuipika.

Mama akasoma vipimo, kidole kikifuata mstari. "Sukari ni nyingi," akasema. "Guka hakuweka hivi. Na aliweka ganda la ndimu."

Hiyo sentensi ya mama ndiyo uhakiki bora wa kitabu hiki niliowahi kusikia. Kina mama wa St Andrew's waliandika walichoagiza. Kilichopikwa ni kitu kingine, na aliyekibadilisha hakuulizwa na yeyote.

Kwa hivyo ukikipata kwenye inama, kinunue, na usiache kilicho na madoa ya mafuta ukitafuta kisafi. Kisha kipeleke nyumbani kwa mzee aliyewahi kupika, au kwa watoto wake, na umsomee.

Wauzaji wa vitabu vya kale hushusha bei ya nakala iliyochorwa-chorwa. Yangu sasa ina maneno ya mama kwa kalamu pembeni mwa kastadi, na juu yake jina la guka, yote matatu.