Kusoma Ardhi Kabla ya Kuipima

Mwanafunzi wa uzamili wa mipangomiji anayechagua Olasiti kuwa eneo lake la utafiti hushawishika kuanzia barabarani. Kata hii iko magharibi mwa Jiji la Arusha, upande wa kiwanja cha ndege na mashamba ya kahawa ya Burka, na mabadiliko yake yanaonekana bila kutafutwa: mashamba yanakatwa viwanja, viwanja vinagawanywa tena, na katika kata jirani ya Olmoti ulipangwa uwanja wa mpira kwa ajili ya AFCON 2027. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 416,442 katika jiji zima, na ya 2022 ikahesabu 617,631. Mji unaoongezeka karibu nusu ndani ya miaka kumi unamfanya mtafiti aone kila siku ya kukaa maktabani ni siku iliyopotea. Hoja ya insha hii ni kinyume cha hapo. Kutumia maktaba ya chuo kikuu ni ufundi wenye hatua na nidhamu zake, na ufundi huo ni sehemu ya kupanga mji kwa haki, kwa sababu mstari wa mpangamiji hauangukii kamwe juu ya ardhi tupu. Huangukia ardhi ambayo watu wengine walishaigawa, walishaipigania na walishaiandikia.

Ushahidi hauko mbali. Mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson ilitoa ripoti kuhusu ardhi za Arusha na Moshi, ambako mashamba ya walowezi yalikuwa yamewabana wenyeji kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro. Ripoti ilipendekeza baadhi ya ardhi irudishwe kwa wenyeji, lakini pia ilitaka mashamba ya walowezi yaungane kuwa ukanda mmoja, na kwa ajili hiyo Wameru wa Engare Nanyuki walitakiwa kuhamia Kingori. Juu ya karatasi mpangilio ulikuwa safi. Mwishoni mwa 1951 watu waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikateketezwa, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kuwasilisha malalamiko ya watu wake. Yeye na mwanasheria Earle Seaton walikiandikia kisa hicho kitabu kilichotoka mwaka 1967. Mpangamiji anayechora leo mpaka wa makazi na kilimo mahali popote kuuzunguka Mlima Meru anafanya kazi mbele ya watu wanaokumbuka. Asiyesoma atashangaa kwa nini mkutano wa mtaa unapokea neno “kuhamishwa” kwa hasira, na ataandika kwamba wananchi hawaelewi maendeleo. Aliyesoma ataelewa kwamba wanaelewa vizuri sana.

Lakini kusoma huko hakuji kwa kuandika jina la kata kwenye kisanduku cha kutafutia na kupakua yanayojitokeza juu. Anayetafuta “Olasiti” peke yake atapata machache. Nyaraka za kabla ya uhuru zimepangwa chini ya Jimbo la Kaskazini, na nyingi za baadaye zinazohusu pembezoni mwa mji ziko chini ya jina la Arumeru; kwa hiyo fundi huanza kwa kujua eneo lake lilisimamiwa na nani katika kila enzi. Akishapata kitabu kimoja kizuri, hurudi nyuma kupitia tanbihi zake. Achukue kwa mfano kitabu cha Thomas Spear cha mwaka 1997, Mountain Farmers, kinachoeleza historia ya ardhi na kilimo cha Waarusha na Wameru. Tanbihi zake zitamfikisha kwenye ripoti ya Wilson, kwenye barua za maofisa wa wilaya na kwenye maandishi ya P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waarusha miaka ya 1950. Kila hatua inamsogeza karibu na aliyeona kwa macho yake, na kumwezesha kupima kama mwandishi wa baadaye amenukuu sawasawa. Hapa ndipo mkutubi anapokuwa mwalimu. Katika Mkusanyo wa East Africana wa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au miongoni mwa tasnifu za Chuo Kikuu Ardhi, mtu anayejua makabrasha yalivyopangwa humwokolea mtafiti muda mwingi.

Ramani nazo husomwa kwa ufundi huohuo. Chukua ramani ya kawaida ya 1:50,000. Sentimita moja ya karatasi ni mita 500 za ardhi, kwa hiyo kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina upana wa milimita 0.4 na urefu wa milimita 0.6, yaani kidogo kuliko nukta ya penseli. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita hufunika mita 25: nyumba, ua, na njia ya ng’ombe kando yake. Kisha angalia pambizoni, palipoandikwa mwaka wa kupigwa picha za anga na mwaka wa kuchapwa. Mara nyingi ni miaka miwili tofauti, na ramani inayoonekana mpya huwa inaeleza ardhi ya zamani. Mwanafunzi aliyezoea kutazama pambizo hizo ataufungua Mpango Kabambe wa Arusha wa hadi 2035, ulioandaliwa pamoja na kampuni ya Surbana ya Singapore, akiwa na maswali yanayofaa: mstari huu ulichorwa kwa kipimo gani, kwa takwimu za mwaka gani, na nani anaishi ndani ya unene wake?

Faida nyingine ya maktaba ni kumvusha mtu mpaka wa taaluma yake. Maji ya chini ya ardhi katika maeneo mengi ya Meru yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, na utafiti juu yake umeandikwa katika majarida ya jiolojia, kemia na afya, mengine yakitoka Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Mpangamiji asiyeyafikia anaweza kutenga eneo zuri la makazi na kuwategemeza wakazi wake kwenye visima vitakavyoharibu meno na mifupa ya watoto wao. Vivyo hivyo kuhusu soko la ardhi: Wilbard Kombe na Volker Kreibich walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 2000 jinsi viongozi wa mtaa na wajumbe wanavyoshuhudia mauzo ya viwanja visivyopimwa na kuyapa uhalali mbele ya jamii. Anayekijua kitabu hicho hafiki Olasiti akiuliza tu nani ana hati; anauliza pia nani alisaini kama shahidi, na mgogoro ukitokea unaanza kusikilizwa kwa nani.

Wapo watakaosema kwamba yote haya sasa yamo kwenye intaneti. Mengi yamo, na ni neema: kupitia usajili ambao maktaba za vyuo huulipia kwa pamoja, mwanafunzi aliye Arusha anasoma majarida bila kupanda basi la Dar es Salaam. Lakini huo nao ni mlango wa maktaba, na bado ripoti nyingi za halmashauri, michoro ya mipangomiji na tasnifu za zamani hazijawahi kuwekwa mtandaoni. Pingamizi zito zaidi ni kwamba rafu zimejaa sauti za watawala. Ni kweli. Ripoti ya Wilson iliandikwa na jaji wa kikoloni, na mwanamke aliyelima shamba lililojadiliwa humo hana jina. Dawa yake ni kusoma kwa kulinganisha, kwani katika rafu hizohizo kuna kitabu cha Japhet na Seaton, na kuna ripoti ya Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, iliyoundwa mwaka 1991 chini ya Issa Shivji na kuchapishwa mwaka 1994, iliyobeba malalamiko ya wananchi waliosikilizwa mikoani. Anayeiacha maktaba kwa sababu ya upendeleo wake hawi huru na upendeleo huo. Atakutana nao tena ndani ya sheria na mipaka iliyorithiwa, bila kuutambua.

Wengine watasema mji hausubiri. Wakati mtafiti anafuata tanbihi, Olasiti inajengwa, na vitabu havitaifikia kamwe. Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana maktaba haiwezi kuchukua nafasi ya kutembea mitaani na kuwasikiliza wazee, akina mama sokoni na vijana wa bodaboda. Hata hivyo kasi ndiyo sababu kubwa ya kusoma. Nyumba ikishasimama, kurekebisha kosa la mpango kunakuwa bomoabomoa au fidia, na Sheria ya Mipangomiji ya 2007 imelazimika kuweka utaratibu wa urasimishaji kwa sababu makazi mengi yalitangulia ramani. Wiki chache za kusoma ni gharama ndogo kuliko hizo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ardhi ndiyo mali ya kwanza ya mkazi wa Olasiti. Kwa hiyo ufundi huu una deni lake: tasnifu iliyolishwa na maktaba irudi maktabani ikiwa na ramani zenye tarehe na tanbihi za kweli, na nakala yake, pamoja na muhtasari wa Kiswahili, ifike ofisi ya kata. Chuo kinachofundisha mipangomiji kiutahini ufundi huo kama kinavyotahini uchoraji, na halmashauri inayopokea mpango idai kuonyeshwa mpangamiji alisoma nini kuhusu ardhi anayotaka kuigawa. Hapo mwenyekiti wa mtaa ataweza kuufungua mpango, kuuliza kwa nini mpaka umepita hapa na si pale, na kupewa jibu lenye ushahidi.