Bargello ya kwanza ya Lukafu: félicitations, lakini…

Bandugu, picha mumeiona. Shuka la viraka la dada yetu wa Lukafu liko kwenye kamba ya uani, mawimbi ya rangi yanapanda na kushuka, na chini yake kila mtu ameandika "félicitations". Mimi pia niliandika. Kisha nikaenda kuliangalia kwa macho, nikaligusa, nikaligeuza upande wa nyuma, na sasa ninaandika mengine, kwa ruhusa yake. Aliniambia: "Za félicitations nilisha kuzipata. Weye uniambie fasi yenye iliharibika."

Kwanza, kwa wale waliodhani ni kitambaa kilichochapwa hivyo kiwandani: hapana. Hii inaitwa Bargello. Jina limetoka kwenye jumba la makumbusho la Florence, Italia, ambako kuna viti vya karne ya 17 vilivyofumwa kwa sindano katika mchoro wa ndimi za moto. Washonaji wa viraka wakauhamishia mchoro kwenye vitambaa. Dada yetu alikata vikwembe 20 kuwa mikanda ya karibu sentimita 6, akaishona ubavu kwa ubavu, halafu mkanda wa mwisho akauunga na wa kwanza, chote kikawa bomba. Bomba hilo unalikata pete-pete, nyingine nyembamba, nyingine pana. Kila pete unaifumua kwenye mshono mmoja, ila si mshono ule ule wa jirani yake: unasogea rangi moja juu, au moja chini. Ukizishona pamoja, wimbi linatokea. Pete nyembamba zinafanya mlima mkali, pete pana zinafanya mteremko wa polepole. Hakuna mkato hata mmoja wa kupinda. Yote ni mistari iliyonyooka, jicho njo linadanganywa.

Kwa mtu wa mara ya kwanza, na makasi ya kawaida, rula ya shule na mashini ya miguu, kufika hapo ni kazi kubwa. Ninasema hivyo mara moja tu, kwa sababu mengine mlishaandika ninyi.

Tatizo la kwanza ni rangi. Bargello haiishi kwa rangi nyingi, inaishi kwa ngazi: kutoka nyeupe kwenda giza, hatua kwa hatua, bila kuruka. Kikwembe cha wax kinakataa kazi hiyo. Motifu yake ni kubwa, ndani yake manjano inapigana na buluu nzito, maana kilitengenezwa kionekane kutoka mbali, kwenye kiuno cha mama anayevuka barabara. Ukikikata sentimita 6, mkanda mmoja unakuwa na mwanga huku na giza kule. Jicho linafuata wimbi, linafika kwenye kipande cha ua kubwa la manjano, linakwama. Upande wa kulia wa shuka wote umekwama hivyo. Mfanye jaribio: chukueni ile picha, muiweke kwenye simu bila rangi, nyeusi na nyeupe tu. Kushoto wimbi linabaki. Kulia linakufa, kunabaki vurugu.

Na kushoto kuna nini? Kuna fasi ambayo wax zilimwishia, akaziba na vitambaa vya rangi moja alivyopewa na fundi wa jirani, mabaki ya kushona sare. Aliona haya kuhusu fasi hiyo, aliiita "ya maskini". Kwangu njo bora kuliko yote: kahawia, kahawia nyepesi, rangi ya udongo, nyeupe iliyochoka. Inatembea.

Hapa ninawakumbusha mji wetu wenyewe. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, karakana ya wachoraji tunayoijua kama Hangar. Mmoja wao, Mwenze Kibwanga, alijaza mbao zake kwa mistari mifupi iliyolala pamoja, rangi chache za udongo na nyeusi, na wanyama wake wanakimbia kwelikweli. Uchache wa rangi njo uliozaa mwendo. Dada yetu hahitaji kwenda Florence kutafuta mwalimu.

Tatizo la pili ni mshono, na hapa ninapingana na mmoja wenu aliyeandika kwamba ngazi zilizopishana katikati "ni za kiafrika, sawa vile Wakuba". Hapana, mkubwa. Mwanamke wa Kikuba kule Kasai anapotarizi rafia bila kuchora kwanza, mchoro ukikatika akaanza mwingine, ameamua. Mkono wake unajua unakokwenda. Katikati ya shuka hili hakuna aliyeamua. Kuna mabomba mawili. La kwanza lilishonwa mchana. La pili lilishonwa usiku, umeme umekatika, kwa mshumaa. Mshono ukizidi milimita 1 tu, kila mkanda kati ya ile miwili unapoteza milimita 1. Mishono ni 20, kwa hiyo bomba zima linapungua sentimita 4. Pete za bomba moja zinapatana zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu kosa lao ni moja. Ukizichanganya na za bomba lingine, pembe hazikutani tena, na alilazimika kuvuta. Ndiyo maana shuka linajikunja hapo katikati hata baada ya pasi. Tukimwambia huo ni utamaduni, tumemnyima dawa, na Wakuba tumewatukana pia.

Sasa fasi iliyo ngumu kuandika. Vile vikwembe ni vya mama yake, aliyefariki. Alikaa navyo miezi bila kuvigusa, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakirudi. Kimoja ni cha 8 Machi, kile chenye maandishi, na sasa herufi zimetawanyika shuka zima: nusu ya "femme" hapa, mkia wa "mars" kule. Kama hukumu ya ufundi, maandishi hayo yanavunja wimbi kila yanapotokea, nisingeyaweka. Lakini nililisimamia shuka dakika nyingi nikitafuta herufi, na sikuwa ninatafuta kitu kingine chochote humo. Hiyo pia niliiandika kwenye karatasi niliyompa.

Hakukasirika. Aliuliza maswali mawili tu, yote ya milimita. Ana watu wawili wanaotaka kuagiza, na alikuwa tayari kuwauzia kazi kama hii hii. Nilimwambia angoje ashone la pili kwanza, apime kila mkanda na kijiti kimoja kile kile, mabomba yote mawili siku moja, mchana.

Wiki jana alinituma picha ya mikanda ya la pili. Vitambaa 12 tu, kutoka maziwa hadi kahawa nyeusi, vyote vya rangi moja, vimepangwa mezani. Pembeni ya meza kuna kikwembe kimoja cha mama, kizima, kimekunjwa. Nikamuuliza hicho kinangoja zamu gani.

"Haina vile," akajibu. "Kile njo cha kuvaa."