Shauku Isiyo na "-ana": Kuisoma Upya Anwani ya Vuta N'kuvute

Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (Mkuki na Nyota, 1999) imezoeleka kusomwa kama riwaya ya ukombozi: kamba inavutwa na mkoloni upande mmoja na wapigania uhuru wa Zanzibar upande wa pili. Kwa usomaji huo, mapenzi ya Yasmin kwa Denge hubaki kuwa pambo la siasa. Makala haya yanadai kwamba anwani yenyewe inatuelekeza kwingine.

Anwani hiyo ni msemo wa kawaida, lakini umbo lake lina uzito. Mwandishi hakusema "kuvutana". Kauli ya kutendana huwakusanya watendaji wawili katika tendo moja. Hapa tuna vitenzi viwili: "vuta", amri isiyotaja mtendwa, na "n'kuvute", chenye nafsi ya kwanza iliyofupishwa, kiambishi yambwa -ku- na kiishio -e cha dhamira tegemezi. Msemaji anataka kuvuta. Kwamba naye atavutwa, hakuna kinachomhakikishia.

Umbo hilo ndilo umbo la shauku katika riwaya. Bwana Raza anamtamani Yasmin, binti mdogo aliyeozwa kwake, Yasmin hamtaki. Yasmin anamtaka Denge. Denge anautaka uhuru. Kila mmoja anavuta kamba ambayo aliyeishika ncha ya pili anatazama kwingine. Denge si mtu asiye na mapenzi. Ila mapenzi yake hayafikii kipimo cha mwanamke ambaye jamaa zake wamemkataa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu Denge bila masharti. Raza anamiliki, Denge anaahirisha, na wote wawili wanamwachia Yasmin kazi ya kungoja. Riwaya inalijua hilo: Denge anapotoroka visiwani, Yasmin haachwi akiomboleza, bali anajenga maisha na Bukheti. Wapo watakaouona mwisho huo kuwa mwepesi; kwangu ni hukumu.

Ninayaandika haya Mugumu, wilayani Serengeti, ambako wasichana hukimbilia nyumba salama kuepuka ukeketaji na ndoa za utotoni. Yasmin naye alikimbilia kwa Mwajuma. Swali linalomkabili akishaachana na Raza halijibiwi na uhuru wa bendera: nani atamtaka kama yeye anavyotaka? Uhakiki unaoishia kwenye ukoloni unamwacha Yasmin mlangoni kwa Mwajuma.